Kunyamaza na Kimya

Kunyamaza ni kuacha kusema, au kujizuia kusema, kwa mwenye uwezo wa kusema. Sharti la uwezo ndilo linalomtenga mnyamavu na bubu. Kimya ni hali ya kutokuwapo sauti, nayo haihitaji mdomo: nyumba isiyo na watu ina kimya, ila haiwezi kunyamaza. Ngoma na bunduki hunyamaza kwa maana ya kuazima tu.

Darasani, Ipililo huko Maswa mkoani Simiyu kama kwingineko Tanzania, tofauti hiyo ina kazi ya kila siku. Mwalimu akikuta kelele husema "Nyamazeni!" Akitoka huagiza darasa likae kimya, na kiranja huandika ubaoni majina ya wapiga kelele. Agizo la kwanza hukata sauti. La pili hulinda hali.

Umbo kongwe la kitenzi ni nyamaa, lililohifadhiwa na washairi na wasemaji wa Kimvita, lahaja ya Mombasa. Kunyamazisha ni kumfanya mwingine anyamaze: mama humnyamazisha mtoto kwa kumbembeleza, dola humnyamazisha mpinzani kwa njia zake, na kitenzi hakibagui. Kunyamazia ni kulijua jambo na kutolisema. Hii ndiyo kauli nzito kuliko zote, maana hubeba lawama: aliyenyamazia wizi ana sehemu yake katika wizi huo.

Kwa adabu, nyamaza humfaa mtoto na rika. Wazee mkutanoni hawaambiwi hivyo. Mwenyekiti huomba utulivu. Fyata ulimi ni karibu na tusi. Mtaani kuna kuuchuna na kukausha, yaani kunyamaza kwa makusudi kana kwamba hakuna kilichosemwa.

Katika sheria, kunyamaza hupewa maana mbili zisizopatana. Fikihi (sheria ya Kiislamu) ya Kishafii, inayofuatwa pwani, huhesabu kunyamaza kwa bikira anayeulizwa kuhusu ndoa kuwa ni ridhaa. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 49, humpa aliyekamatwa haki ya kunyamaza. Hapo kunyamaza ni kinga.

Kisarufi, kimya hufuata upatanisho wa KI-: kimya kingi, kimya kizito. Wingi wake hautumiki.