Maji ya Pemba: kutoka bure hadi bili

Kwa takriban miaka arobaini baada ya Mapinduzi ya 1964, maji ya bomba Zanzibar yalikuwa bure, kama skuli na matibabu. Kisiwani Pemba fikra hiyo ina mizizi mirefu kuliko siasa. Mwenye uwezo huchimba kisima akakitoa sadaka, na watoto wa chuoni husimuliwa jinsi Sayyidna Othman alivyokinunua kisima cha Ruma mjini Madina, ambacho mwenyewe alikuwa akiwauzia watu maji, akakifanya wakfu.

Lakini kisima cha kamba na ndoo hakidaiwi umeme. Pampu inadaiwa. Hadi 2010 Pemba ilitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha. Mwaka huo ndipo ulipowashwa waya uliopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga kwa msaada wa Norway. Umeme ukatengemaa, ila bado ni wa kununua, na watu wanaongezeka: sensa ya 2022 ilihesabu Wapemba 543,441.

Sheria ya Maji Namba 4 ya 2006 ilikuja na Mamlaka ya Maji Zanzibar (ZAWA), na wananchi wakatakiwa kuchangia. Nyumba nyingi hazikuwa na mita, zikatozwa kiwango kimoja kwa mwezi. Hapo haki ikapinda. Mwenye tangi juu ya paa na bustani ya kumwagilia akalipa sawa na mjane mwenye bomba moja uani. Na hili si jambo dogo katika kisiwa ambacho, kwa utafiti wa bajeti ya kaya wa 2014/15, zaidi ya nusu ya watu wake walikuwa chini ya mstari wa umaskini, Micheweni ikiwa na hali mbaya kuliko wilaya zote.

Mita huondoa dhuluma hiyo, lakini huweza kuleta nyingine. Uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Afrika Kusini, mwaka 2001, ilianza kuzipa kaya lita 6,000 za mwanzo kila mwezi bila malipo. Matumizi yanayozidi hapo hulipiwa. Mpango mzuri, ila ulihesabu nyumba, haukuhesabu watu. Ukiuleta Wete au Kojani ulivyo, familia ya watu kumi inayowatekea na majirani itavuka kikomo mapema na kulipa bei ya tajiri anayeishi na mkewe tu.

Bei za maji sasa zinasimamiwa na ZURA, mamlaka ya udhibiti wa maji na nishati iliyoundwa kwa sheria ya 2013. Bila mapato pampu zitasimama, na zikisimama wa kwanza kuteseka ni mama asiye na tangi. Basi Wapemba watozwe, lakini madumu ya mwanzo yawe ya bei nafuu kwa kila kichwa, bomba la mtaa lisitozwe kama hoteli, na nyumba ambayo maji hayakufika mwezi mzima isipelekewe bili.