Uvimbe wa Shingo na Majina Yake: Habari za Kisesa na Pwani ya Ziwa

Neno moja laweza kuficha maradhi mengi. Kiswahili kina mtoki, ndio uvimbe wa kinenani. Kina perema, uvimbe wa mashavuni. Kina na rovu, uvimbe wa kooni. Lakini vinundu vya kando ya shingo watu huviita tezi tu. Mtoto mwenye jino bovu ana tezi. Mwenye kifua kikuu cha tezi ana tezi. Hata mwenye saratani ana tezi. Na kwa kuwa mara nyingi haziumi, mwenyewe hungoja.

Hapo kale mtu wa Kisesa alimwendea kwanza mfumu wa Kisukuma. Tusimcheke. Uingereza nako walikiita kifua kikuu cha tezi ugonjwa wa mfalme, wakaamini kwamba mkono wa mfalme huuponya. Mwaka 1712 Malkia Anne alimgusa mtoto Samuel Johnson, aliyekuwa baadaye mtunga kamusi mashuhuri. Naye alibaki na makovu maisha yake yote. Sababu ilijulikana mwaka 1882, Robert Koch alipomwonyesha mdudu wa kifua kikuu. Siku hizi tezi za namna hiyo hutibiwa kwa dawa za miezi 6.

Uvimbe mwingine haungoji miezi. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Kampala, aliandika habari za saratani ya watoto ivimbishayo taya, nayo hukua kwa siku chache. Mwaka 1961 yeye na wenziwe wawili walisafiri kwa motakaa kilometa zipatazo 16,000, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Waliona kwamba ugonjwa huo ni mwingi penye joto na mvua, wala si katika nyanda za juu zenye baridi. Saratani hiyo yaweza kupona kwa dawa, mtoto akiwahishwa.

Njia nayo ilichelewesha watu. Hospitali ya Bugando ilifunguliwa Mwanza mwaka 1971, na kutoka Kisesa si mbali. Walakini kwa miaka mingi aliyehitaji mionzi alipaswa kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilometa 1,000. Baadaye mionzi ilianza kutolewa Bugando yenyewe. Njia imefupika, kungoja hakujakwisha, maana wengi hufika huko ugonjwa umekwisha kuenea.

Basi twaona kwamba kizuizi kilichosalia ni katika lugha pia, na hapo mwalimu ana kazi. Aambiwapo, "Ni tezi tu," asiulize jina, aulize siku: limeota lini? Lililopita majuma matatu bila kunywea, au linalokua upesi, au linalofuatana na homa, jasho la usiku na kukonda, lipelekwe kwa mganga wa hospitali. Na aliyeambiwa angojee daktari bingwa apewe tarehe iliyoandikwa. Tarehe ikipita, mwalimu amsindikize kwenda kuuliza tena.