Boti za Mbao za Ziwa Kivu na Kazi Yao

Sisi wa Himbi, ziwa liko mulangoni. Asubuhi mapema, mbele pikipiki hazijaanza kelele, tunasikia motere za boti zinazoingia kutoka Minova, Kalehe na Idjwi. Watoto wetu wanajua jina la kila gari, lakini boti ya mbao iliyowalisha hawajui namna inatengenezwa. Njo maana tumetaka kuandika kidogo juu yake.

Zamani ilikuwa mutumbwi wa muti mumoja: muti mukubwa unaangushwa, unachimbwa tumbo, halafu unashushwa majini. Miti ya kipimo kile ikawa ngumu kupata, mafundi wakaingia katika mbao. Wanapigilia mbao kwenye mbavu, kisha nafasi zote zinazibwa ju maji isiingie. Hata hivyo inaingiaka tu. Kwa hiyo ndani ya boti kunakuwa mtu mumoja, kazi yake ni kuchota maji kwa bidoni iliyokatwa, kutoka mwanzo wa safari mpaka mwisho. Hakuna anayemushukuru, lakini akisinzia, wote wako hatarini.

Boti hii ni mupagazi. Inaleta mananasi na maharagwe ya Idjwi, mihogo, ndizi na makala ya upande wa Minova. Inarudisha chumvi, sabuni, sukari na mabati. Motere ikizimika katikati ya ziwa, mwenzake anamurushia kamba na kumukokota polepole mpaka pwani. Bei inazungumzwa baadaye. Ile desturi ya kamba tunaiheshimu sana, ju ziwa letu linafika karibu metre 485 za urefu kwenda chini, na katika kiangazi, mwezi wa 6 mpaka wa 8, upepo wa kusini unaamusha mawimbi yasiyocheka na mutu.

Usiku ni kazi ingine. Sambaza hawakuwa samaki wa huku. Waliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959. Mitumbwi mitatu inafungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu unashushwa katikati, taa inawashwa, samaki wanafuata mwangaza. Wavuvi wanapiga kasia huku wakiimba, mumoja anaanzisha, wengine wanaitikia, na tukiwa vitandani tunajua kama wanatoka ao wanarudi. Mwezi ukijaa wanapumzika, ju taa haina nguvu tena. Taa za petroli zimekwisha kuachia nafasi zile za batri. Nyimbo, kwa bahati, hazikubadilishwa.

Kuna sura tusiyopenda kuifungua. Watu wa Idjwi kwa miaka mingi walivusha kahawa yao usiku kwenda Rwanda, ju kule bei ilikuwa nzuri zaidi. Mitumbwi ilijazwa kupita nguvu yake, na wengi hawakurudi. Kisiwani kuna wajane wengi wa kahawa. Baadaye, ushirika wa wakulima ulipoanza kununua kahawa hapohapo, sababu ya kuvuka usiku ilipungua.

Mwezi wa 2, 2024, vita ilifunga barabara ya Sake kwenda Minova. Chakula cha Goma kikategemea ziwa, kupita mbele kuliko zamani. Boti zilijaa: magunia chini, watu juu ya magunia. Tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka ule, boti moja kutoka Minova ilipinduka karibu na soko la Kituku, pwani ikionekana kwa macho. Walionusurika walisema ilibeba kupita kipimo. Wengi wetu tulishuka kule kutafuta wetu, na tulikuta wanapanga viatu kando ya maji.

Safari ziliendelea, ju mihogo haikuwa na njia ingine. Tangu siku ile jile za kuelea zinaulizwa kwa nguvu zaidi bandarini. Wengine wanazivaa mbele ya mukaguzi tu; boti ikisha kutoka, wanazivua na kuzikalia, ju mbao ni ngumu.