Samba: programu iliyojifunza lugha kwa kusikiliza

Ukichomeka diski ya nje kwenye ruta ya nyumbani, kisha ukafungua filamu iliyo ndani yake kutoka kompyuta ya sebuleni, huenda kazi yote inafanywa na programu iitwayo Samba. Ruta nyingi zimeibeba bila wenyewe kujua. Leo ningependa kueleza ilikotoka, maana historia yake ina funzo kwetu sisi tunaoandika programu.

Tuanze Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Barry Feigenbaum wa IBM alibuni SMB, yaani lugha ambayo kompyuta moja hutumia kuomba faili zilizo kwenye nyingine. Microsoft ikaichukua na kuipanua, ikawa lugha ya Windows. Sasa, wenye kompyuta za Unix wangefanyaje?

Mwishoni mwa 1991, Andrew Tridgell alikuwa akisomea shahada ya uzamifu huko Canberra, Australia. Alitaka kompyuta yake ya DOS isome diski ya seva ya Unix. Hakuwa na maelezo ya lugha hiyo, basi akaandika programu ya kunasa mawasiliano yanayopita kwenye waya. Ni kama mgeni aketiye sokoni akisikiliza: huyu akisema hivi, yule hujibu vile. Kwa kusikiliza tu akaandika seva yake, akaitoa bure mnamo Januari 1992.

Karibu miaka 2 baadaye akairudia, safari hii akitaka kuunganisha kompyuta ya mkewe na yake ya Linux. Naam, mtandao wa nyumbani! Mwaka 1994 kampuni moja ikadai jina alilotumia ni lake. Tridgell akatafuta kwenye orodha ya maneno ya kamusi neno lenye herufi s, m na b, akapata samba.

Je, kusikiliza kulitosha? La. Microsoft ilizidi kuongeza mambo mapya bila kuyaeleza kikamilifu. Mwaka 2004 Tume ya Ulaya iliiamuru itoe maelezo kwa washindani, na Desemba 2007 wanasamba wakayapata kwa malipo ya euro 10,000, mara moja tu.

Kwa nini haya yakuhusu? Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea duniani kwa kupenya udhaifu wa Windows katika toleo la kwanza la lugha hii, SMB1. Baadaye mwaka huo huo Microsoft ikaacha kuliweka SMB1 kwenye Windows 10 mpya, na mwaka 2019 Samba nayo ikalizima. Ruta nyingi za zamani hazijui lugha nyingine. Ndiyo sababu kompyuta mpya huenda isiione diski yako ilhali diski ni nzima kabisa.

Ushauri wangu: usiwashe SMB1 ili tu utazame filamu. Tafuta programu mpya ya ruta hiyo. Ikikosekana, chomeka diski kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi na uweke Samba ya kisasa, ambayo bado ni bure na msimbo wake u wazi. Ruta ya kampuni hukwama pale kampuni ilipoiacha. Programu ambayo yeyote anaweza kuisoma na kuirekebisha haizeeki hivyo.

Haya, tukutane tena.