Kipa wa Akiba Kutoka Mji wa Makaa ya Mawe



Ukurasa huu wa historia mara nyingi huwa wa wazee wetu, wa kahawa na wa barabara. Mwaka huu tumepewa kazi ya kuandika kuhusu mpira, na kwa kuwa sisi ni watu wa vitabu vya hesabu kuliko watu wa viwanjani, tumemchagua mchezaji ambaye hesabu zake zimetushangaza kwa muda mrefu. Si mfungaji mabao, wala si kipa bingwa wa kuwekwa kwenye kalenda. Ni kipa wa akiba. Amehamahama timu kwa zaidi ya miaka ishirini, na sehemu kubwa ya muda huo ameutumia akiwa amekaa, glovu mkononi, akimtazama mwenzake akidaka.

Anaitwa Scott Carson. Alizaliwa Septemba 1985 Whitehaven, mji mdogo wa bandari kaskazini magharibi mwa Uingereza. Sisi ambao malori ya makaa ya mawe ya Ngaka tumeyala vumbi lake tutauelewa mji huo bila taabu. Whitehaven uliishi kwa makaa ya mawe kwa karne kadhaa, na migodi yake mingine ilichimbwa hadi chini ya bahari. Mwaka 1947 mlipuko katika mgodi wa William uliua watu 104. Mgodi wa mwisho, Haig, ulifungwa 1986, Carson akiwa bado mtoto mchanga. Mtoto wa kiume aliyekulia pale hakuwa na mgodi wa kumwajiri kama babu zake. Alikuwa na urefu, mikono mikubwa, na timu ya watoto ya jirani.

Leeds United ndiyo iliyomchukua. Januari 2004, Leeds ikicheza na Middlesbrough, kipa namba moja Paul Robinson alipewa kadi nyekundu, na kijana wa miaka 18 akavuliwa koti la benchi na kuingizwa langoni. Ndivyo kipa wa akiba anavyoanza kazi: kwa mkosi wa mwenzake. Mshambuliaji wa akiba huingia timu ikitafuta bao. Kipa wa akiba huingia mwenzake akiwa amevunjika, amefukuzwa au amechemsha. Hakuna anayefurahi kumwona akipasha misuli. Shikeni jina la Robinson, litarudi.

Mwaka mmoja baadaye Liverpool walimnunua, na Aprili 2005, akiwa na miaka 19, akapangwa kudaka robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya dhidi ya Juventus pale Anfield, kwa sababu Jerzy Dudek alikuwa majeruhi. Haikuwa mechi ya kawaida. Timu hizo mbili zilikuwa hazijakutana tangu fainali ya Mei 1985 katika uwanja wa Heysel, Brussels, ambako watu 39, wengi wao mashabiki wa Juventus, walikufa baada ya vurugu na kuanguka kwa ukuta. Carson alizaliwa miezi michache baada ya msiba ule. Liverpool walishinda 2-1. Bao la Juventus lilikuwa la kichwa cha Cannavaro, na wapo waliosema kijana angeweza kulizuia. Dudek alipona, na Mei 2005 katika uwanja wa Atatürk, Istanbul, ndiye aliyesimama langoni usiku ule ambao mashabiki wa Liverpool hawachoki kuusimulia: wakiwa nyuma 3-0 dhidi ya Milan, wakasawazisha, wakashinda kwa penalti. Carson aliuona wote akiwa benchi, akavishwa medali.

Kwa kawaida simulizi za vijiweni huruka kutoka hapo moja kwa moja hadi Wembley, Novemba 21, 2007. Nasi tutafika huko, lakini kwanza tuweke msimu ambao husahaulika. Mwaka 2006/07 alikuwa Charlton Athletic kwa mkopo. Timu ilishuka daraja, na bado mashabiki wakampigia kura kuwa mchezaji wao bora wa mwaka. Kipa wa timu iliyoshuka! Mtu asiyejua kazi hapewi heshima hiyo.

Basi, Wembley. Uingereza ilihitaji sare tu dhidi ya Croatia ili iende fainali za Ulaya za 2008. Kocha Steve McClaren alimwondoa Robinson, yuleyule wa Leeds, ambaye mwaka mmoja kabla, mjini Zagreb, mpira aliorudishiwa na beki wake ulidunda vibaya ukampita mguuni na kuingia wavuni. Akampanga Carson, miaka 22, ambaye alikuwa ameichezea timu ya taifa mechi moja tu, ya kirafiki dhidi ya Austria siku tano kabla. Huku kwetu ilikuwa saa tano usiku. Vibanda umiza vilikuwa vimejaa, na wengi waliokuwemo wanakumbuka mvua ile kwenye televisheni kana kwamba iliwanyeshea wao. Dakika ya nane, Niko Kranjčar akapiga shuti la mbali. Halikuwa la kutisha. Mpira ukadunda mbele ya Carson kwenye majani yaliyolowa, ukagonga mikono yake, ukazama wavuni. Olić akaongeza la pili. Uingereza ikarudisha yote mawili, kisha Petrić akafunga la tatu. Kesho yake McClaren alifukuzwa kazi.

Tuseme kama watu wanaokagua hesabu. Siku ile Uingereza ilifungwa mabao matatu, na safu ya ulinzi iliachwa wazi zaidi ya mara moja. Kocha alikuwa amebadilisha kipa kwenye mechi kubwa kuliko zote za kampeni nzima. Mechi nyingine kadhaa za kundi zilikuwa zimechezwa hovyo kabla ya hapo. Lakini deni lote liliandikwa kwenye jina moja, la kijana wa miaka 22. Vijiwe vyetu navyo havina huruma: hata leo mtoto akikosa kudaka mpira mwepesi, wapo watakaomtupia jina la kipa aliyewahi kuchomesha. Baada ya usiku ule Carson aliichezea timu ya taifa mara mbili tu, zote akitokea benchi wakati wa mapumziko: dhidi ya Ujerumani mjini Berlin 2008, na dhidi ya Uswidi 2011. Mechi nne kwa jumla, akawa amemaliza.

Miaka iliyofuata tuipitishe upesi, maana ndiyo ilivyopita. Msimu uleule wa Wembley alikuwa Aston Villa kwa mkopo. Akauzwa West Bromwich Albion 2008; wakashuka, wakapanda. 2011 akaenda Uturuki, klabu ya Bursaspor, ng'ambo ya Bahari ya Marmara kutoka Istanbul, akadaka misimu miwili. Akarudi Wigan 2013, wakiwa ndiyo kwanza wamebeba Kombe la FA na kushuka daraja mwezi uleule. 2015 akajiunga na Derby County, daraja la pili, akawa namba moja kwa miaka kadhaa. Kuna watu wanaosema aliharibikiwa. Hatukubaliani nao. Mtu anayepanga mizigo na familia yake kila miaka miwili mitatu, na kila anakofika anapewa lango alinde, hajaharibikiwa. Ana kazi.

Msimu wake wa mwisho Derby alipoteza namba. Ndipo, Agosti 2019, akaja kuchukuliwa kwa mkopo na Manchester City, mabingwa wa Uingereza. Wengi walicheka. Sisi tulivutiwa, kwa sababu hapa ndipo hesabu inapoanza kuwa tamu. Klabu tajiri kama ile inamtakia nini kipa wa miaka 33 aliyewekwa benchi daraja la pili?

Sababu ya kwanza iko kwenye kanuni. Ligi Kuu ya Uingereza inaruhusu orodha ya wachezaji wakubwa 25, na kati yao wasiozidi 17 wawe wale ambao hawakulelewa kimpira nchini. Anayehesabiwa kuwa amelelewa nchini ni yule aliyesajiliwa na klabu ya Uingereza au Wales kwa misimu mitatu kabla ya kutimiza miaka 21, awe wa taifa lolote. Ligi ya Mabingwa Ulaya nayo hutenga nafasi nane kati ya 25 kwa wachezaji wa aina hiyo, na usipozijaza zinabaki tupu. Klabu yenye nyota kutoka kila bara inamhitaji sana mtu kama Carson, na nafasi ya kipa wa tatu ndiyo rahisi kuliko zote kumpa.

Sababu ya pili haionekani kwenye karatasi. Mazoezi ya washambuliaji yanahitaji lango, na lango linahitaji mtu. Anapofanya mazoezi De Bruyne au Haaland, kuna mtu anapigiwa mashuti hayo asubuhi zote, kwenye baridi, na hatakiwi kulegea, kwa kuwa mshambuliaji anayefunga kirahisi mazoezini hajifunzi kitu. Halafu mtu huyohuyo ajue kabisa kwamba Jumamosi hatacheza, na asinune. Kocha Pep Guardiola alimsifu mara kadhaa kwa namna anavyokaa na wenzake kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Wahasibu wenzetu wanajua ugumu wa kuingiza kitu kama hicho kwenye daftari: gharama yake inaonekana kila mwezi, faida yake haina mstari wake.

Alikaa City misimu sita. Alicheza mechi mbili. Ya kwanza ilikuwa Mei 14, 2021 huko Newcastle, ubingwa ukiwa umeshapatikana siku tatu kabla. City walishinda 4-3. Alipangua penalti ya Joe Willock, lakini mpira ukamrudia Willock mwenyewe akafunga. Ya pili, Machi 9, 2022 dhidi ya Sporting ya Ureno, aliingia dakika ya 73 badala ya Ederson, na akazuia shambulizi la ana kwa ana, ikaisha 0-0. Ilikuwa karibu miaka 17 tangu acheze Ligi ya Mabingwa, usiku ule wa Juventus. Tumejumlisha: dakika 107 bila za nyongeza, kwa misimu sita. Katika kipindi hicho City walichukua ubingwa wa ligi mara nne mfululizo, 2021 hadi 2024.

Watakaosema dakika 107 ni kulipwa bure wakumbuke Ally Salim wa Simba. Kipa wa tatu, hakuna aliyekuwa akimtaja. Aprili 2023 waliomtangulia wakawa hawapo, akasimama langoni Simba ikaifunga Yanga 2-0, siku chache baadaye ikaifunga Wydad 1-0 robo fainali ya Afrika. Agosti mwaka huohuo, Mkwakwani Tanga, akapangua penalti tatu za Yanga na Ngao ya Jamii ikaenda Msimbazi. (Wana Yanga wa chama hiki watusamehe, historia haina jezi.) Je, siku zile zote ambazo hakucheza, alikuwa analipwa bure? Penalti zile za Tanga alijifunzia wapi, kama si kwenye mazoezi ambayo hakuna aliyekwenda kuyatazama?

Juni 10, 2023 Manchester City walicheza fainali ya Ulaya dhidi ya Inter. Uwanja ulikuwa Atatürk, Istanbul, uleule wa 2005. Rodri akafunga, ikaisha 1-0. Carson, sasa miaka 37, alikuwa benchi tena, akavishwa medali ya pili ya ubingwa wa Ulaya. Miaka 18, uwanja mmoja, medali mbili, na hakugusa mpira katika fainali yoyote kati ya hizo. Kati ya medali na medali zilikuwemo Wembley, Charlton, Bursa, Wigan, Derby, na maelfu ya mashuti ya mazoezini.

Mji wa Whitehaven una kipa mwingine. Dean Henderson alizaliwa hukohuko 1997, akakulia Manchester United, akapelekwa kwa mkopo Stockport, Grimsby, Shrewsbury na Sheffield United, kisha akakaa benchi nyuma ya David de Gea. Baadaye akaenda Crystal Palace. Mei 17, 2025 Palace walicheza fainali ya Kombe la FA dhidi ya Manchester City, klabu iliyokuwa bado imemwajiri Carson katika miezi yake ya mwisho pale. Palace wakiongoza 1-0, City wakapata penalti. Omar Marmoush akapiga, Henderson akaruka kulia kwake akaipangua, na Palace wakachukua kombe kubwa la kwanza katika historia yao. Uwanja ulikuwa Wembley.