Zambarau ya Tiro na Mamlaka ya Kaisari: Kuhodhiwa kwa Rangi au kwa Malighafi?

Maandishi mengi ya jumla kuhusu Rumi ya kale husema kwamba zambarau ilikuwa rangi ya kaisari peke yake, na kwamba raia aliyethubutu kuivaa aliuawa. Kauli hiyo ina chembe ya ukweli, lakini inachanganya matukio ya vipindi vilivyoachana kwa zaidi ya karne nne. Aidha, inaacha swali la msingi bila jibu: ni kitu gani hasa kilichohodhiwa? Hoja ya makala haya ni kwamba sheria za Rumi hazikuihodhi rangi kama jicho linavyoiona, bali zilihodhi malighafi moja na karakana zilizoitumia, na kwamba dola iliifuata njia hiyo baada ya kushindwa kuwadhibiti wavaaji.

Neno la Kiswahili lenyewe linaweza kumpoteza msomaji hapa. Zambarau limetokana na tunda, kwa hiyo fikra huenda moja kwa moja kwenye rangi. Neno la Kilatini purpura, sawa na porphyra la Kigiriki, lilimtaja pia konokono wa bahari ambaye rangi hiyo ilitoka kwake. Plinius, katika kitabu cha tisa cha Naturalis Historia, anaeleza jinsi tezi za konokono hao zilivyotolewa, zikatiwa chumvi, kisha zikapashwa moto polepole kwa siku kadhaa katika vyombo vya risasi. Zambarau bora ya Tiro, kwa maelezo yake, ilifanana na damu iliyoganda: nyeusi ukiitazama kwa kawaida, yenye kumeta ukiielekeza kwenye mwanga. Mwaka 1909 mwanakemia Paul Friedländer alitumia konokono 12,000 na kupata gramu 1.4 tu za rangi hiyo. Kiwango hicho kinaeleza mengi kuhusu bei yake, na pia kuhusu kishawishi cha kuighushi.

Wakati wa Jamhuri, zambarau haikuwa ya mtu mmoja. Ukingo wake ulipamba toga za mahakimu wakuu na za watoto wa kiume waliozaliwa huru. Toga nzima ya zambarau yenye nakshi za dhahabu ilikuwa ya jemadari siku ya maandamano ya ushindi. Julius Caesar aliweka mipaka ya nani avae mavazi ya rangi hiyo na siku gani. Nero alikwenda mbali zaidi. Suetonius anasimulia kwamba alipiga marufuku zambarau ya Tiro, akamtuma mtu kuuza kiasi kidogo siku ya soko, kisha akafunga maduka ya wafanyabiashara wote. Mwandishi huyohuyo anadai kuwa Caligula alimuua Ptolemaeus, mfalme wa Mauretania, kwa sababu joho lake la zambarau liliwavutia watazamaji katika maonyesho. Suetonius alipenda visa vya ikulu na hakuwapenda makaisari hao wawili. Visa vyake ni ushahidi wa yale ambayo wasomaji wa Rumi waliona yanaweza kutokea, na si lazima viwe ushahidi wa sheria iliyotekelezwa.

Ushahidi ulio imara zaidi kwamba marufuku hizo hazikudumu umo katika amri ya bei ya Diocletianus ya mwaka 301. Humo ratili moja ya hariri iliyotiwa zambarau bora imewekewa bei ya juu kabisa ya denari 150,000, wakati ratili ya dhahabu ni denari 72,000. Serikali haiwekei bei bidhaa ambayo hakuna anayeruhusiwa kuinunua. Miaka mia mbili na zaidi baada ya Nero, basi, zambarau ilikuwa ingali sokoni. Kilichomzuia raia wa kawaida ni mfuko wake.

Badiliko linaonekana mwishoni mwa karne ya 4. Sheria iliyohifadhiwa katika Kodeksi ya Justinianus inamkataza mtu binafsi kutia rangi au kuuza hariri na sufi za aina tatu: blatta, oxyblatta na hyacinthina. Sheria hii haisemi neno la jumla lenye maana ya rangi na kuishia hapo. Inataja madaraja ya bidhaa, kama afisa wa forodha angefanya. Sababu yake inaeleweka mtu akisoma mafunjo ya Leiden na Stockholm, yaliyopatikana Misri, yenye maelekezo mengi ya kutengeneza zambarau bandia kwa mimea. Kama macho hayakuweza kutofautisha joho la kaisari na la mfanyabiashara aliyetumia mimea, kumkamata mvaaji barabarani kulikuwa kazi ya kubahatisha. Karakana ilikuwa rahisi zaidi kulindwa. Mwaka 424 Theodosius II aliongeza ukali: watu wa kila jinsia, cheo na kazi wakabidhi mavazi ya aina hiyo kwenye hazina, na atakayekaidi ahesabiwe kama mhaini.

Neno uhaini halikuwa pambo la waandishi wa sheria. Ammianus Marcellinus anaeleza kwamba karibu mwaka 354 vazi la kifalme liligunduliwa Tiro, likiwa limefumwa kwa siri. Shemasi aitwaye Maras alikamatwa kwa sababu ya barua aliyomwandikia msimamizi wa karakana ya wafumaji akimhimiza aharakishe kazi fulani. Aliteswa hadi karibu ya kufa, wala hakukiri lolote. Huko Aquitania, ukingo mpana wa zambarau kwenye vitambaa vya meza ulitosha kuifilisi nyumba tajiri. Katika visa hivi viwili, kitambaa kilichukuliwa kama hatua ya kwanza ya uasi, kwa kuwa mtu aliyenyakua madaraka alitangazwa kwa kuvishwa zambarau. Julianus pekee ndiye aliyelifanyia mzaha jambo hilo. Mwaka 362 mtu mmoja alimshtaki hasimu wake kwamba anajitengenezea joho la zambarau. Julianus akaagiza mshtaki huyo apewe na viatu vya zambarau ampelekee, ili mtu yule aone vazi lisilo na nguvu nyuma yake linafaa nini.

Huko Bizanti uhodhi ulienea hadi kwenye wino: mwaka 470 Leo I aliamuru kwamba wino wa zambarau utumike katika hati za kaisari tu. Hata hivyo, mipaka ya forodha iliendelea kuvuja. Mwaka 968 askofu Liutprand wa Cremona, alipokuwa akiondoka Konstantinopoli, alinyang'anywa vitambaa vitano vya zambarau, akaambiwa kwamba mataifa mengine hayastahili kuvivaa. Katika ripoti yake anasema aliwajibu maafisa kwamba vitambaa vya namna hiyo vilikuwa vikifika kwao Italia siku zote, vikiletwa na wafanyabiashara wa Venice na Amalfi.