Serikali, Uchumi na Haki ya Mtu: Habari ya Katoni za Sabuni

Halmashauri ya gazeti hili iliniomba niandike juu ya walimu na michezo ya siku zetu. Wenzangu watayaandika hayo vizuri kuliko mimi. Nataka kuwaeleza ninyi vijana mlio madarasani leo habari ya katoni za sabuni.

Mwezi wa Machi 1983 nilikuwa Kidato cha Tatu. Sabuni, sukari na dawa ya meno zilikuwa hazionekani. Mche mmoja wa sabuni tuliukata kwa uzi tukagawana watu wanne. Asubuhi moja tulipokwenda kuteka maji tulikuta mapovu yametanda mtoni na katoni zimelowa ukingoni. Mzee mwenye duka karibu na shule, aliyezoea kutukopesha madaftari, alikuwa amesikia kwamba msako unakuja, akazitupa usiku. Tuliokota kwa shangwe. Siku mbili baadaye alikamatwa. Hilo nalo tulilishangilia, na gari lilipopita tukamwimbia wimbo tuliomtungia.

Ili mtuelewe, hapana budi nirudi nyuma. Tanganyika ilipopata uhuru 1961, viongozi wake walikataa kuweka Hati ya Haki za Binadamu katika Katiba. Walihofu kwamba majaji, ambao wengi walikuwa wageni, wangeitumia kuzuia mipango ya maendeleo. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Mabenki, mashamba makubwa ya mkonge na biashara ya nje vilikuwa mikononi mwa wachache, na hati inayolinda mali humlinda kwanza mwenye mali. Tume iliyochunguza mfumo wa chama kimoja 1965 ikaikataa pia. Badala yake, 1966 ikaundwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya kusikiliza malalamiko ya wananchi. Kisha likaja Azimio la Arusha la Februari 1967. Mabenki yakataifishwa mara moja, na 1971 ikawa zamu ya majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Serikali ilikuwa upande wa mnyonge, na mimi, mtoto wa mkulima niliyesoma sekondari bila karo, siwezi kusema vingine.

Lakini kufika mwisho wa miaka ya 1970, serikali ndiyo iliyokuwa mwenye benki, mwenye viwanda na msambazaji wa bidhaa, na tangu 1973 ndiyo iliyopanga bei. Vita vya Kagera na bei ya mafuta vikamaliza fedha za kigeni. Bidhaa zilipokosekana, lawama zikamwangukia mlanguzi. (Walanguzi walikuwapo, tena wengi, sisemi kwamba walizuliwa.) Ukamataji ulianza Machi 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, sheria ya wahujumu uchumi ikapitishwa na Bunge mwezi wa Aprili, watu wakiwa wameshawekwa ndani. Walipelekwa mbele ya baraza maalumu, bila wakili, bila dhamana, wala rufaa.

Mwaka uliofuata sheria hiyo ikabadilishwa, mawakili wakaruhusiwa. Mwaka huo huo wa 1984 Hati ya Haki ikaingizwa katika Katiba, ingawa serikali ilijipa miaka 3, na mahakama hazikuweza kuitumia hadi Machi 1988.

Na nani aliyekuja kunufaika nayo? Miongoni mwao ni Lohay Akonaay, mkulima wa Mkoa wa Arusha. Ardhi yake ya kimila ilimtoka wakati wa kuhamia vijijini. Mahakama ikamrudishia 1987, halafu sheria ya 1992 ikafuta haki za namna hiyo bila fidia. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba ardhi ya kimila nayo ni mali inayolindwa na Katiba, wala haiwezi kutwaliwa bila fidia ya haki. Hati iliyohofiwa 1961 kuwa ngao ya matajiri ikawa imemkinga mtu wa jembe.

Mzee wetu wa duka hakuyangojea hayo. Alirudi baada ya miezi 6, bila kufikishwa mbele ya baraza lolote, akafungua duka lenye chumvi na viberiti tu. Nilikwenda kununua kiberiti nimevaa shati nililolifua kwa sabuni yake. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba, akanihesabia chenji, kisha akaniuliza kama ule wimbo bado tunauimba.